Mafuta ya Kope

Barua kutoka Nairobi ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema kwamba tarehe sita Februari 1997, saa kumi na mbili asubuhi, kituo cha hali ya hewa kiliripoti kipimajoto cha utambi kikiwa juu kuliko kipimajoto kikavu. Ya pili iliuliza ni nani aliyesoma.

Bare, mkuu wa kituo, hakuwa na haja ya kuuliza. Zamu ya alfajiri wiki ile ilikuwa ya Abdikarim, na sahihi yake ilikuwa palepale kwenye fomu.

Kosa lenyewe lilikuwa la aina ambayo haifichiki. Ndani ya kisanduku cheupe kilichosimama katikati ya uwanja wa kituo, nje kidogo ya mji wa Garissa, vipimajoto viwili vinakaa sambamba. Kimoja ni kitupu. Cha pili kimevishwa kitambaa chembamba chenye utambi uliochovya ndani ya chupa ndogo ya maji. Maji yanapovuka hewani hukipoza, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo inayoeleza unyevu wa hewa. Kwa hiyo cha utambi kinaweza kuwa chini au kulingana na kikavu. Kuwa juu hakiwezi.

"Umeruka nyuzi tano, walaal, ndugu yangu," Bare alisema. "Ishirini na moja nukta nne, wewe umeandika ishirini na sita nukta nne. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza."

"Nimeliona."

"Umeliona leo. Tuandike nini? Ilikuwa Ramadhani, tuseme ni usingizi wa daku?"

"Hapana," Abdikarim alisema. "Sikuwa na usingizi. Ni macho."

Bare aliikunja barua. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na sita, na hakuna aliyewahi kumsikia Abdikarim akijitetea kwa jambo lisilo la kweli, hata pale ambapo uongo ungekuwa rahisi kwa wote.

"Basi sikiliza. Siku kumi za mwisho za Machi, kila usomaji wa zamu yako tutasoma wawili. Wewe utaandika kwako, mimi kwangu, bila kuchunguliana. Tukitofautiana zaidi ya nukta mbili, yaani sehemu mbili za kumi za nyuzi, mara moja nitasamehe. Mara ya pili, unaenda stoo kupanga fomu za zamani. Sitaki, lakini sina njia."

Abdikarim aliona kwamba masharti hayo ni ya haki. Hilo halikumsaidia kulala.

Macho yalikuwa yamemsumbua mwaka wa pili sasa. Asubuhi yalikwaruza kama yaliyotiwa mchanga. Kufikia adhuhuri yalikuwa yanachoma. Mbaya zaidi ni ukungu: akitazama mistari ya kipimajoto iliyeyuka, akipepesa ikasimama wima, na kabla hajamaliza kuhesabu ikayeyuka tena. Upepo wa jilaal, kiangazi kile cha Januari hadi Machi, ulipovuma, machozi yalimtiririka hadi kwenye ndevu.

Mama mkwe alishauri maziwa ya ngamia. Abdikarim aliuliza matone mangapi na mara ngapi kwa siku. Mama mkwe alimwambia kwamba mtu anayepima dawa za wazee kwa rula afe na macho yake. Mazungumzo yakaishia hapo.

Alikuwa na tiba yake mwenyewe, na aliiamini kwa sababu ilikuwa na mantiki. Chupa ile ya utambi haitiwi maji ya bomba. Maji ya Garissa yana chumvi. Chumvi ikigandamana kwenye kitambaa, maji hayapandi na kipimo kinaharibika. Kwa hiyo kituo kina galoni ya maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi wala chembe ya kitu kingine. Abdikarim alijiuliza ni maji gani duniani yanayofaa jicho kuliko hayo. Kila siku, mara sita, alijaza kikombe kidogo, akainamisha uso na kuogesha macho yakiwa wazi. Yalichoma, kisha yakatulia dakika chache. Yalipozidi kuwa mabaya, akaongeza kutoka mara sita hadi kumi.

Ni mkewe, Fowsiya, aliyempeleka kwa tabibu wa macho. Kaaha, mwanamke wa Wajir mwenye sauti ya chini na mikono ya haraka, alikuja Garissa kila Jumanne na kukaa katika chumba cha nyuma cha zahanati moja. Benchi lilijaa wafugaji waliofunika nyuso kwa vitambaa. Fowsiya aliingia pamoja na mumewe.

"Macho yake ni makavu," Kaaha alisema baada ya kuyatazama.

"Makavu?" Abdikarim akajipangusa shavu. "Dada, yananitoka maji siku nzima."

"Hayo ni maji ya dharura. Jicho likiungua linaita maji, yanakuja mengi kwa pupa na kumwagika. Hayakai. Ngoja nikuonyeshe, maana nakuona wewe huamini kwa kuambiwa."

"Mwambie tena," Fowsiya alisema. "Mimi nimechoka."

Kaaha alimkalisha Fowsiya mbele ya hadubini yake, akamgusa ndani ya kope kwa kipande cha karatasi chenye rangi ya chungwa, akawasha taa ya buluu. Kisha akamwambia Abdikarim asogee upande wa kutazamia.

"Fowsiya, pepesa. Sasa acha wazi, usipepese. Abdikarim, hesabu sekunde."

Alisogeza jicho kwenye lenzi. Kwanza hakuelewa anachokiona. Halafu kilisimama mbele yake: duara la kijani linalong'aa, tulivu, bila mkunjo, kama ziwa linaloangaliwa kutoka kwenye ndege. Miaka kumi na minne alikuwa amelala karibu na jicho hilo, na hakujua. Alihesabu. Sita. Tisa. Kumi na moja, na doa jeusi likafunguka karibu na ukingo, dogo kama kichwa cha sindano, likapanuka.

"Limepasuka," alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

"Huo ni utando wa machozi. Kumi na moja ni nzuri. Pepesa, mama." Ziwa likajifunga upya, zima. "Sasa zamu yako."

Kaaha alimhesabia yeye kwa sauti, jicho la kulia kisha la kushoto. Kwenye la kushoto alifika tatu, akaacha.

"Hili sekunde moja, hili tatu," alisema akiigusa kope ya kulia na ya kushoto kwa kidole chenye glavu. "Maji unayo. Ulichokosa ni mafuta. Humu kwenye ukingo wa kope, nyuma ya nywele, kuna vijishimo vinavyotoa mafuta kila unapopepesa. Yanatandazwa juu ya maji ili yasivuke. Vyako vimeziba, mafuta yameganda ndani kama samli ya baridi."

"Unene wake ni kiasi gani? Hayo mafuta."

Fowsiya akacheka. Kaaha hakucheka.

"Chukua unywele mmoja, ugawanye kwa unene mara elfu moja. Hapo karibu."

Abdikarim alikumbuka kituo. Katika uwanja wa kituo kulikuwa na beseni kubwa la bati la kupimia maji yanayochukuliwa na jua. Mwezi ule lilipoteza milimita kumi kwa siku. Mwaka mmoja fundi wa pampu alidondosha mafuta ndani yake, kiasi cha kijiko, yakatanda hadi ukingoni, na asubuhi iliyofuata maji yalikuwa karibu palepale. Alimfokea fundi, akamwaga lile beseni na kulisugua kwa sabuni. Alikuwa ameyaona mafuta kuwa uchafu. Na hapa, katika nchi hii ambapo jua halimwachi hata mbuzi na ute puani, kila kiumbe kilikuwa kimepewa tone la mafuta la kutandaza juu ya macho yake, mara elfu nyingi kwa siku, bila kufundishwa na mtu.

"Subhanallah," alisema, polepole, kama mtu anayesoma kipimo.

"Unayaosha kwa kitu gani?" Kaaha aliuliza.

Alimweleza habari ya maji yaliyotoneshwa. Kaaha aliweka kalamu chini.

"Mara kumi kwa siku?"

"Ndiyo maji safi kuliko yote."

"Ni safi mno. Machozi yana chumvi yake, na hayo hayana. Kila ulipoyaosha uliondoa chumvi na yale mafuta kidogo yaliyobaki. Maji ya udhu hayakudhuru, unakuwa umefumba. Macho haya ulikuwa unayapiga deki."

Fowsiya alimtazama mumewe, kisha, kwa hisani, akatazama sakafu.

Tiba ilikuwa ya kuchosha. Kitambaa cha maji ya moto yanayovumilika juu ya macho yaliyofumbwa, dakika kumi, asubuhi na jioni, kikibadilishwa kila kinapopoa. Kisha kukanda kope kuelekea kwenye nywele, ya juu kwenda chini, ya chini kwenda juu. Kusafisha ukingo. Matone aliyopewa mara nne. Kupepesa kwa kufunga kabisa, si nusu. Feni isimpige usoni. "Hutapona ukaacha," Kaaha alisema. "Utafanya maisha yako yote. Na wiki mbili za kwanza hutaona tofauti."

Hakuona. Siku ya tisa yalichoma kuliko mwanzo, na galoni ilikuwa pale stooni. Aliitazama, akafunga mlango. Siku ya kumi na saba, alipokuwa akikanda kope, kitu kama dawa ya meno kilitoka kwenye ukingo, chembamba kuliko uzi. Wiki ya nne Fowsiya alimwambia kwamba ameacha kujipangusa mashavu wakati wa kula.

Siku kumi za majaribio zilipoanza, walikwenda kisandukuni wawili, Bare akisoma kwanza siku moja, Abdikarim siku iliyofuata. Siku ya nne upepo ulibeba vumbi na wakatofautiana kwa nukta tatu. Bare alikunja karatasi mbili pamoja na kuzitia mfukoni. Msamaha ulikuwa umekwisha.

Asubuhi ya mwisho Abdikarim alifungua mlango mdogo wa kisanduku. Alifumba macho kabisa, akafumbua, akatazama. Uzi wa zebaki ulisimama. Aliona mistari, aliona nafasi kati ya mistari, aliona mgongo wa zebaki ulivyojikunja kileleni, na mkwaruzo mdogo kwenye kioo baina ya ishirini na saba na ishirini na nane ambao hakuwahi kujua upo. Alisoma kikavu. Alisoma cha utambi. Aliandika. Bare alisogea, akasoma, akaandika.

Waliweka karatasi juu ya paa la kisanduku. Kikavu kilikuwa sawasawa. Cha utambi, tofauti ya nukta moja.

"Zamu ya Aprili ya alfajiri ni yako," Bare alisema, akaanza kuondoka. Alipofika kwenye ua aligeuka. Abdikarim alikuwa bado ameinama mbele ya mlango ulio wazi, akihesabu kimya midomo ikimcheza: kumi, kumi na moja, kumi na mbili, na mistari haijayeyuka.

"Funga mlango, walaal," Bare alisema. "Unavipasha joto."