Vipande kwa Jina la Dada

Ujumbe wa sauti uliingia Alhamisi jioni, Septemba 2016, Mwanaisha akivua viatu vya kazi kwenye chumba alichopanga na mwenzake mtaa wa Najma, Doha. Ulitoka kwa shemeji yake, Nassoro, mume wa dada yake, na ulikuwa mtamu kupita kiasi.

"Shemeji, kumbe naishi na tajiri humu ndani? Barua ya vipande imekuja kwa jina la mke wangu. Kesho asubuhi nampeleka mjini akaviuze. Lori la Fuso halinunuliwi kwa dua."

Mwanaisha aliusikiliza mara tatu.

Vipande vilikuwa vyake, vyote. Mwaka 2010, akiwa na miaka kumi na tisa, wakala wa ajira alimwambia hoteli za Doha hazichukui msichana aliye chini ya miaka ishirini na nne. Mama yake akalimaliza shauri palepale jikoni: achukue cheti cha kuzaliwa cha dada yake, Rukia. Wangapi mtaani walikuwa wameondoka hivyo? Pasipoti ikatoka na picha ya Mwanaisha na jina la Rukia. Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli wakamwita Rukia, naye akaitika.

Mwaka 2012, alipokwenda likizo ya kwanza nyumbani Tanga, alifungua akaunti kwenye mfuko wa uwekezaji. Unapeleka fedha kidogo kidogo, unahesabiwa vipande, vipande vinakua na kukupa gawio. Kitambulisho pekee alichokuwa nacho ni pasipoti ile. Akaandika Rukia, akabandika sura yake, akatia sahihi yake. Anwani akatoa ya nyumbani kwa dada yake, kule Pongwe. Ujinga gani mwingine uupite huo?

Kwa miaka minne theluthi ya mshahara iliondoka kabla hajanunua hata sabuni. Wenzake walivaa dhahabu, wakamwita bahili, naye akawaacha waseme. Alikuwa amepiga hesabu zake: ifikapo Desemba, gawio peke yake lingemlisha na kumlipia pango, bila kumwamkia bosi yeyote. Miaka ishirini na mitano, na yuko huru.

Proscovia, mlinzi wa Kiganda aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, alisimuliwa yote akaanza kwa kucheka.

"Sasa tajiri ni jina," alisema. "Wewe ni kibarua wake tu."

Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Nassoro kula fedha hizo ilikuwa nusu tu ya hofu. Fomu ya kuuza vipande inataka sahihi. Rukia wa kweli akitia yake haitafanana, na uso wake hautafanana na picha. Mhudumu atauliza maswali. Akaunti itafungwa, barua zitaandikwa, na mwisho wa barua hizo ni polisi: Rukia kwa kutaka kuiba, Mwanaisha kwa kughushi pasipoti. Miaka minne itabaki kwenye faili la mtu.

Akampigia Rukia. Alipokea Nassoro, akasema mke wake amelala. Saa ilikuwa kumi na mbili u nusu jioni. Alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Ijumaa Doha ni mapumziko, lakini Tanga ofisi zinafunguliwa kama kawaida. Hilo ndilo lililomwua. Proscovia alikwenda kanisani Mesaimeer, akasema atayaombea majina yote mawili. Mwanaisha akabaki kitandani, simu mkononi, kiyoyozi kikimpuliza na jasho likimtoka. Saa mbili. Saa tatu, sasa wamefungua. Saa nne alimwona Rukia kwa mawazo, mbele ya dirisha la ofisi, kalamu mkononi, na Nassoro akimwelekeza kwa kidole pa kutia sahihi.

Saa tano simu ikaita.

"Sijatia sahihi," Rukia alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwambia mhudumu mkono wangu umeteguka. Mume wangu kaenda kunitafutia bandeji, kaniachia simu."

Mwanaisha alitaka kushukuru, lakini dada yake hakumpa nafasi. Rukia alimuuliza kama anajua kwamba yeye mwenyewe mwaka juzi alikwenda uhamiaji kuomba pasipoti. Alikuwa amepata kazi ya upishi Maskati, Omani. Dirishani wakamwambia Rukia wa tarehe ile ya kuzaliwa anayo pasipoti tayari, na yuko Katari. Akarudi nyumbani, hakumwambia mtu.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ningekwambia nini? Ulikuwa ukituma hela ya dawa za mama."

Miaka yote Mwanaisha alikuwa akihofia wageni wamwibie, na hakuwahi kufikiri yeye mwenyewe amemwibia nani.

"Nitamzungusha Nassoro mpaka Desemba, zaidi ya hapo siwezi," Rukia aliendelea. "Uje. Tutaingia pamoja, uhamiaji kwanza, vipande baadaye. Nataka jina langu."

"Na wakinikamata?"

"Hata mimi naogopa, mdogo wangu. Nassoro huyo anakuja." Simu ikakatika.

Jumamosi Mwanaisha alikwenda kwa meneja kuomba kuacha kazi na kupewa kibali cha kutoka nchini. Meneja akauliza kapata wapi penye mshahara mzuri zaidi. Akasema hana kazi nyingine. Basi aandike sababu, meneja akasema, akamsogezea fomu.

Alikaa na kalamu mpaka meneja akaanza kutazama saa. Mwishowe akaandika kwamba ana shauri na dada yake. Chini ya jina la Rukia akatia ile sahihi yake, lakini ikatoka tofauti na ya kwenye pasipoti, na meneja akamwambia arudie.