Pindo la Koti la Nastasia

Mzee Toader alilibwaga koti juu ya meza ya Saveta, nalo likabaki limesimama, gumu kama ubao.

"Hili si koti, ni mlango," Saveta akasema.

"Marehemu baba yako angenikaribisha kwa glasi kwanza, matusi baadaye."

"Marehemu baba yangu alikufa na ini bovu. Kaa, mzee wangu. Linataka nini?"

Pale kijijini, Saveta ndiye fundi pekee wa makoti ya ngozi ya kondoo aliyekuwa amebaki. Wengine waliacha kazi watu walipoanza kununua makoti ya kiwandani. Toader alikuwa mchungaji wa kondoo aliyepita umri wa miaka sitini. Koti lilikuwa la mama yake, Nastasia, na sasa mjukuu wake Ilinca alitaka kulivaa siku ya harusi yake, baada ya Noeli.

"Lilainike, lizibwe lilipochanika, na hili pindo ulinyooshe," Toader alisema. "Panya wamelitafuna huku mbele."

Habari za Nastasia zilijulikana kwa kila mtu. Majira ya baridi ya vita ile kubwa, askari walichoma nyumba za upande wa pili wa mlima. Nastasia akavuka peke yake na Toader, mtoto mchanga. Alilala njiani, theluji ikimfika kiunoni. Aliposhuka kwenye lango la padri, mtoto alikuwa hai, tena ana joto. Yeye mwenyewe alipoteza vidole vya mguu. Waliomuuliza aliwezaje, aliwajibu kuwa alitembea tu. Kabla mwaka haujaisha, homa ikamchukua.

Saveta alianza na sufu. Aliisugua kwa pumba za moto mpaka pumba zikatoka nyeusi, kisha akaichana taratibu. Upande wa ngozi aliupaka viini vya mayai vilivyopigwa na maji vuguvugu, chumvi na mafuta ya kondoo, akaukanda kwa viganja. Alilitundika mbali na jiko, maana ngozi kuukuu ikipata moto hukatika kama mkate mkavu. Kesho yake akarudia. Kila siku lilikubali kukunjika zaidi kidogo, na harufu ya moshi na ya kondoo ikajaa chumbani, kana kwamba mtu ameingia kutoka malishoni.

Siku aliyofika kwenye vitanzi vya vifungo, mkono wake ulisita. Kitanzi cha koti hutosha kifungo tu. Hivi vilikuwa virefu kupita kiasi, vimekatwa kombokombo, na vipande vya sufu bado vimeng'ang'ania upande mmoja. Hakuna fundi ambaye angeshona vile. Alikuwa tayari kuvikata aweke vipya, mkasi mkononi, pale kimoja kilipolalia pindo lile bovu.

Kikaingia. Kila kombo la kitanzi liliingia kwenye kombo la pindo. Akajaribu cha pili, halafu cha tatu. Vyote vilitoka pale.

Saveta akaweka mkasi chini, akafunua koti kwa ndani. Kifuani, upande mmoja, sufu ilikuwa imegandamana pahali padogo, na pumba zote zile hazikuweza kuifumua.

"Ee Mama Mtakatifu," akanong'ona. Akakaa. Kisu Nastasia alikishikaje, vidole vikiwa vimekufa ganzi? Na upepo ule?

Toader alipokuja, alimkuta amesimama tu.

"Vipi, umelichana?"

"Mzee, panya hawakulila." Akamwonyesha vitanzi, kimoja kimoja, juu ya pindo. Toader alitazama bila kuelewa.

"Koti lilikuwa dogo kwa watu wawili," Saveta akasema. "Akakata pindo apate vitanzi virefu, lifunge nawe ukiwa ndani."

Toader akapitisha kidole kwenye pindo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Livae, mwanangu. Nione."

Saveta akavaa, akafunga vifungo vyote. Mbele pakabaki nafasi, duara, tupu, kati ya kifua chake na ngozi. Akaweka mikono chini yake kuishikilia. Hata hakujua kwa nini alifanya hivyo.

Toader akavua kofia. Hakuwa na picha ya mama yake hata moja. Alisogea, akaweka kiganja juu ya ile nafasi, juu ya ngozi iliyokuwa laini sasa kama shavu, akakaa hivyo mpaka kuni jikoni zikaporomoka.

"Nilikuwa hapa," akasema.

"Ulikuwa hapo."

"Nilidhani alinifunga mgongoni, kama mzigo."

Saveta akalivua koti, akalilaza mezani. Akauliza kuhusu pindo.

"Ukiligusa," Toader akasema, akipangusa pua kwa kofia, "nitakupiga na hii fimbo, fundi au si fundi."

Saveta akaziba mipasuko ya mabegani kwa viraka vya ndani, basi. Siku ya harusi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Mama mkwe alimnong'oneza bibi harusi kwamba koti ni zuri, ila pindo lingerekebishwa.

"Hilo haliguswi," Ilinca akasema, akaingia kanisani polepole, mikono yote miwili imeshika mbele ya koti.