Dakika Ishirini na Tano za Bosi

Folda ya pamoja haifunguki. Tangu Jumanne asubuhi kompyuta zote tatu za duka la uchapaji zilikuwa zinakataliwa, na ndani ya folda hiyo mlikuwa na kadi za harusi ya binti wa bosi. Harusi ni Jumamosi. Bosi, ambaye wafanyakazi walimwita Sasahivi kwa kuwa hakuwa na agizo lisiloishia na neno hilo, alikuwa ameshahukumu: mpiga chapa kaifuta makusudi, kwa sababu Jumatatu aligombezwa kwa kuchelewa. Kadi zisipoonekana mpaka Jumatano jioni, kazi hana.

Fundi wa kompyuta ndiye aliyemtafutia mpiga chapa huyo kazi. Alikuwa mdogo wa mkewe. Mkewe hakusema mengi: "Akifukuzwa, usije nyumbani na maelezo."

Mashine iliyotunza folda ilikaa stoo, juu ya rimu za karatasi. Ilitumia Linux, haikuwa na skrini wala kibodi. Za mezani zilitumia Windows. Fundi alijua ndoa ya namna hiyo haikosi maneno, ila kwa miaka miwili hawa walikuwa wameelewana. Alibadilisha waya. Alibadilisha nywila mpaka mpiga chapa akaanza kuziandika kiganjani. Akachomeka laptopu yake kwenye mashine ya stoo, akaona kadi zimo, nzima, na ruhusa za kila mtu zimo. Mashine zilisalimiana vizuri tu. Ukibisha hodi uingie ndani, unakataliwa.

"Kadi zipo, mzee," alimwambia bosi. "Niruhusu nizihamishe kwa flashi."

"Flashi ni marufuku. Virusi vilikula kalenda za mwaka mzima hapa. Nataka kuziona mezani kwangu, sasa hivi. Kitu nisichokiona kwangu hakipo."

Kisha akashauri stoo ipigwe deki. Ikapigwa.

Jumatano mchana fundi alikuwa amekaa sakafuni kati ya waya, jasho linamtoka.

"Shemeji, saa ngapi?"

"Ya nani?"

"Ya nani, kivipi?"

"Ya Sasahivi au ya kweli?" Mpiga chapa hakuinua hata kichwa. "Ya ukutani ni saa nane kamili. Toa dakika ishirini na tano."

Fundi aliacha waya. Kumbe Jumatatu jioni, watu walipoondoka, bosi alipanda kwenye kigoda akaisogeza mbele saa ya ukutani, kisha akazungukia kompyuta moja moja akazifanya vivyo hivyo, ili watu wawahi. Ya stoo aliiacha kwa sababu hakuona pa kushika.

"Na muda wote huu hukuniambia?"

"Wewe uliulizia folda, shem. Saa hukuulizia."

Fundi alikwenda kwa bosi akamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu mwenye panga. Mashine ya stoo ni mlinzi. Mtu akija na saa iliyopishana na yake zaidi ya dakika tano, inamwona mwizi.

"Basi na yenyewe isogezwe," alisema bosi.

"Saa yake inaichukua nje, kwenye mtandao. Nikiisogeza, inairudisha."

"Inairudisha? Kwani hapa imeajiriwa na nani?"

Walibishana mpaka chai ya bosi ikapoa. Mwishowe wakaafikiana: kompyuta zirudi kwenye saa ya kweli, ukuta ubaki na saa ya bosi, na pembe ya kila skrini inapoonekana saa ibandikwe selotepu nyeusi, wafanyakazi wasije wakaona.

Folda ikafunguka. Bosi alilitazama jina la bintiye kwenye kadi.

"Kwa hiyo hakufuta."

"Hakufuta, mzee. Na ushahidi ninao."

Hapo ndipo fundi angefunga mdomo na mkoba wake. Badala yake alifungua orodha ya mashine ya stoo, inayoandika kila anayebisha hodi.

"Tazama mwenyewe. Jumanne, saa mbili na dakika tano, aliomba kuingia akakataliwa. Angefutaje kitu asichoweza kukifikia?"

Bosi alivaa miwani. Mstari wa kwanza aliusoma mara mbili.

"Saa mbili na dakika tano ya stoo."

"Ndiyo."

"Yaani saa mbili na nusu ya kwangu." Alivua miwani. "Na kazi hapa inaanza saa mbili."

Chini ya mstari huo kulikuwa na majina mengine mawili, la saa mbili na robo na la saa mbili na nusu, zote za stoo. Lakini miwani ilikuwa imeshaingia mfukoni.

Mpiga chapa alimtazama shemeji yake kama mtu aliyeopolewa mtoni akatupwa kisimani.

"Ahsante, shem," alisema. "Umenitetea."

Folda iligharimu siku mbili, waya mbili, nywila kumi na moja na vipande vitatu vya selotepu. Mpiga chapa hakufukuzwa, maana Sasahivi ni mtu wa neno lake. Ila kwa mwezi mzima ataripoti saa moja na nusu ya ukutani, ambayo ni saa moja na dakika tano ya kweli. Hiyo ni dakika hamsini na tano kabla ya saa mbili ya kweli, kwa siku ishirini na sita za kazi. Jumla yake ni saa ishirini na tatu na dakika hamsini.