Herufi Moja, Nafasi Mbili

"Imepinda. Sipakii," alisema Bwana Liang, akairudisha karatasi yenye jedwali la mizigo mezani kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula kilichochacha.

Chausiku hakubishana. Liang ndiye msimamizi wa ghala ambamo yeye na Jaffari, mwenzake wa ofisini, hupakia mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo na Unguja, na kukasirika alikuwa na haki. Mwezi uliopita safu za jedwali zilipinda vivyo hivyo, idadi ya Unguja ikaangukia chini ya neno Dar, na viatu vya Mwadini wa Darajani vikaingizwa kwenye kontena lisilo lake. Leo tena makontena mawili yalikuwa wazi uani, na lile la Dar lingefungwa saa nane mchana. Humo ndimo zilimopaswa kuingia sketi za shule za Bi Shifa. Zikilikosa, zitafika Kariakoo shule zimeshafunguliwa, na nani atanunua sketi wakati watoto wako darasani?

"Laoban," Chausiku alisema kwa upole, maana hivyo ndivyo bosi anavyoitwa huku Uchina, "nipe mpaka saa saba."

"Saa saba. Ikipinda tena, mei you. Hakuna."

Walirudi ofisini kwao, mtaa wa Guangyuan Xilu, wakikwepa mikokoteni ya marobota. Jaffari hakuweza kunyamaza.

"Dada, si nilikwambia? Chora kwa rula na kalamu."

"Mzigo ukibadilika?"

"Unafuta."

"Ukibadilika tena?"

"Unalia."

Chausiku alicheka. Jedwali alilitengeneza kwenye kihariri, programu ya kompyuta ya kuandikia maandishi matupu, kwa kuwa printa ya ghalani, ile ya zamani ya sindano inayotoa nakala tatu kwa mpigo, haikubali kitu kingine. Hakuna aliyemfundisha. Alijaribu, akakosea, akajaribu tena mpaka akaelewa: unaandika neno, unaweka mstari wa wima, unaandika neno linalofuata, halafu unabonyeza kitufe cha Tab. Basi safu zinajitanua zenyewe kulifuata neno lililo refu zaidi, na mistari inasimama wima. Kwenye skrini jedwali lake lilinyooka kama uzi. Kwenye karatasi lilipepesuka kama mlevi.

Ofisini aliitandaza karatasi iliyokataliwa, akaweka rula, akashuka nayo taratibu. Mistari yenye alama za wateja na tarakimu pekee ilikuwa sawa. Iliyopinda yote ilikuwa na Kichina, majina ya bidhaa aliyoyaandika ili wapakiaji wasome. Sketi, herufi mbili: mstari wa wima umesogea nafasi mbili. Viatu vya michezo, herufi tatu: umesogea tatu. Akarudia kupima, maana hakupenda kuamini jambo kwa kulitazama mara moja.

"Jaffari, njoo uone. Printa inaipa kila herufi ya Kichina nafasi mbili."

"Na kihariri chako?"

"Kinaihesabu moja."

Jaffari akapiga paja. "Yaani abiria kakalia viti viwili, wewe umemkatia tiketi moja!"

Chausiku alifungua mipangilio ya kihariri, akaisoma mmoja mmoja, hadi alipofika penye upana wa herufi za Kichina. Palikuwa na moja. Akaandika mbili, akarudi kwenye jedwali, akabonyeza Tab.

Jedwali likaruka, likapinda mbele ya macho yao.

"Umeliua!" Jaffari alipiga ukelele. "Rudisha, rudisha upesi!"

Kidole cha Chausiku kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kurudisha. Akakiondoa. Skrini bado iliichora kila herufi ya Kichina kwa nafasi moja. Printa haikuwa na habari na skrini.

"Usilitazame," alisema. "Lihesabu. Kichina mbili, nyingine zote moja."

Wakahesabu mstari kwa mstari, Jaffari kwa sauti, yeye kimoyomoyo. Kila mstari ulitoka sawa na mwenzake.

Ghalani printa ilikwaruza, ikanyamaza. Liang hakuitazama karatasi ile kwa macho tu. Aliikunja kwa urefu, kwenye mstari unaotenganisha Dar na Unguja, akapitisha ukucha. Mkunjo ulishuka kutoka juu hadi chini bila kugusa tarakimu hata moja.

"Hao," alisema. Kwa Kichina, vizuri. Akawapungia mkono wapakiaji.

Marobota yalipoanza kuingia, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Bi Shifa. "Chausiku mwanangu, nimeongeza marobota mawili ya sweta. Mkokoteni kutoka soko la Shahe umeshafika hapo mlangoni. Usinitupe, mama!"

Jaffari alijishika kichwa. Liang alitazama saa, kisha akamtazama Chausiku.

Chausiku aliweka kompyuta juu ya robota, akaongeza mstari katikati: alama ya Bi Shifa, sweta kwa Kichina, mbili, Dar. Tab. Jedwali zima likasogea kumpisha mgeni. Akalipeleka kwenye printa. Liang akakunja, akapitisha ukucha, na safari hii akacheka mpaka wapakiaji wakageuka.

"Sweta! Pakia!"

Mlango wa kontena la Dar ulifungwa robota la mwisho likiwa ndani. Liang alichukua nakala yake, akaibandika ukutani juu ya kaunta, mahali ambapo kila wakala atakayekuja atalazimika kuiona.

"Wote walete hivi," alisema.

Chausiku alimpigia Bi Shifa. Alisema neno moja tu, "Zimeingia," na vigelegele vikafumuka kutoka kwenye simu, vikaenea ghala zima, huku Jaffari akiinua kidole kimoja hewani na kubonyeza Tab isiyoonekana.