Siku Wakamba Walipopikiwa Kamba

Nabwire alimpikia mama mmoja Mwingereza wa Lavington kwa miaka kumi na mmoja, na siku yule mama alipokuwa anarudi kwao kabisa, alimwambia achague kitu kimoja jikoni aende nacho. Mtunza bustani, ambaye hakuulizwa, alimnong'oneza achukue friji. Nabwire akachukua chungu cha umeme.

Kilikuwa chungu kizito cha kauri, kimekaa ndani ya mkebe wa bati wenye waya, na kifuniko chake cha kioo. Unatia chakula asubuhi, unachomeka waya ukutani, unaendelea na shughuli zako. Baada ya saa tano au sita chakula kimeiva polepole bila kuungua. Nabwire alikileta Makongeni kimefungwa kwa shuka kama mtoto mchanga, akakiweka juu ya kabati la vyombo, na kwa miezi minne hakukiwasha. Alikuwa anakiwekea siku yake.

Siku hiyo ililetwa na bintiye. Vivian alisema kuna kijana anaitwa Mativo, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha rangi Industrial Area, na wazazi wake wanataka kuja kutoka Machakos Jumamosi kujitambulisha.

"Nitawapikia chakula cha bahari," Nabwire alisema papo hapo. "Kaa, kamba, viazi, mahindi, soseji, vyote chungu kimoja."

"Mum, si upike tu kuku?"

"Kuku kila mtu anapika."

Khavere, wifi yake, aliposikia mpango huo alifunga safari kutoka Mathare kuja kuupinga. Hata chai hakungoja. "Wifi, watu waje kwa Mluhya waondoke bila kuonja kuku? Watasema mtoto wetu hana kwao."

"Khavere, miaka kumi na mmoja nimekipika kile chakula nikakibeba mpaka mezani. Wageni wanakula, wananyonya vidole, halafu wanampigia makofi mwenye nyumba. Mimi niko mlangoni na taulo. Mara hii nataka kuketi."

Khavere akauliza kama vitunguu vipo.

Mumewe Nabwire, Luseno, alikuwa gadi wa treni ya abiria ya Mombasa, kwa hiyo ununuzi ulikuwa wake. Jumamosi saa tatu asubuhi aliingia nyumbani na sare yake ya kazi, amekumbatia kasha la barafu. Abiria wawili walikuwa wamemwomba awahamishie behewa lingine. Ndani ya kasha mlikuwa na kaa tisa waliofungwa magando kwa kamba za makuti, na kilo tatu za kamba wanene, wa kijivu, wenye masharubu. Khavere alichungulia, akarudi nyuma hatua moja.

"Hivi vina macho," alisema.

"Hata kuku ana macho," Nabwire alimjibu.

Tayari viazi, vitunguu, saumu, soseji na vipande vya mahindi vilikuwa chunguni tangu saa mbili. Kaa wangeingia saa sita, kamba mwisho kabisa, na wageni walitarajiwa saa saba. Nabwire akatangaza sheria moja tu: hakuna kufungua kifuniko. Ukifungua, joto linatoka na mnarudi nyuma nusu saa.

Luseno akafungua ili anuse. Khavere akafungua kwa sababu hakusikia chochote. "Hakitokoti," alilalamika. "Chakula kisichotokota kinaivaje?" Vivian alifungua kwa wasiwasi tu. Nabwire mwenyewe alifungua mara mbili kuhakikisha hakuna aliyefungua. Ilipofika saa sita viazi vilikuwa vigumu kama mawe ya reli, na mlangoni kukasikika hodi. Wageni walikuwa wamewahi kwa saa nzima.

Baba yake Mativo, Mzee Kyengo, alikuwa Mkamba mrefu, mzee wa kanisa, amevaa koti zito na hatabasamu ovyo. Mkewe alibeba kikapu cha sukari, majani ya chai na mikate. Mativo alikuja nyuma yao na tai iliyomkaba. Baadaye alimweleza Vivian kwamba baba yake hakugusa chai asubuhi, na njia nzima alikuwa akiwafundisha jinsi Waluhya wanavyompa mgeni wa heshima firigisi ya kuku.

Wakaketi. Wakaulizana habari za mvua. Mzee Kyengo akakohoa.

"Na kuku huku mjini," alisema, kama mtu anayeuliza tu, "wanapatikana?"

"Kwa wingi," Luseno alijibu kwa furaha. "Lakini leo hatukutaka kuwasumbua na kuku."

Uso wa mzee ulishuka kama pazia. Hapo hapo Nabwire akatoka jikoni akijifuta mikono, macho yanang'aa.

"Wazazi wenzangu, vumilieni kidogo. Leo tumewapikia kamba!"

Mzee Kyengo alimtazama mkewe, kisha akamtazama Nabwire.

"Mmepika nani?"

"Kamba. Wakubwa, wanene. Vichwa nimewatoa mwenyewe asubuhi."

Mama Mativo akavuta kikapu chake karibu na miguu. Luseno alijifunika uso kwa kiganja.

"Wa baharini!" Vivian aliruka. "Si watu! Ni wale... wale wadudu wa baharini!"

"Wadudu?" aliuliza Mzee Kyengo.

Mativo ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Mama yake akafuata, akicheka hadi akajipangusa machozi kwa ncha ya leso. Mzee hakucheka. Alikuwa na njaa.

Saa saba na robo, redio ya jirani ilikatika katikati ya matangazo, na kile kitaa chekundu cha chungu kikazimika. Kutoka nyumba moja hadi nyingine, mtaa mzima ukapiga ule ukelele wa siku zote: "Wuuuui!" Stima ilikuwa imepotea.

Nabwire alisimama mbele ya chungu chake. Kaa walikuwa wamelala juu ya viazi, bado wana rangi ya matope. Khavere alitoka nje akawasha jiko la makaa, akapepea kwa kifuniko cha debe, kisha akarudi na sufuria kubwa waliyokuwa wakitumia kwenye matanga.

"Mimina humu."

"Haipikwi hivyo, Khavere. Inataka moto wa polepole."

"Wifi, huko kwenu Samia, ziwani, samaki mlikuwa mnawachomekea ukutani?"

Nabwire alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka. Wakamimina. Moto ulikuwa mkali. Supu ikaanza kutokota kwa kishindo, viazi vikalegea, kaa wakageuka wekundu kama matofali, kamba wakatiwa mwisho, wakajikunja na kuwa waridi. Kazi iliyokishinda chungu cha umeme kwa zaidi ya saa tano, jiko liliimaliza kwa dakika ishirini na tano, na Nabwire hakujua afurahi au ajisikie ametukanwa.

Kisha akafanya kama alivyokuwa akifanya kule Lavington. Alitandaza magazeti juu ya meza, akachuja supu, akamwaga chakula chote katikati, kikafuka mvuke. Mzee Kyengo aliinua ncha ya gazeti kidogo, akachungulia kama chini yake kuna sahani.

"Leo hakuna sahani, mzazi mwenzangu," Nabwire alisema. "Hivi ndivyo kinavyoliwa."

Mzee akaombea chakula. Alimwomba Mungu abariki "hiki kilichoandaliwa" bila kukitaja jina, na alipofika kwenye amina sauti yake ilikuwa na mashaka.

Gando la kaa halitaki heshima. Mzee Kyengo alijaribu kulivunja kwa vidole, likakataa. Akajaribu kwa meno, mkewe akamkataza. Luseno akaleta nyundo kutoka kwenye sanduku lake la vifaa. Mzee akapiga mara moja, gando likaruka, likagonga kalenda ukutani, likaangukia mapajani mwa Khavere, aliyepiga mayowe hadi majirani wakaja mlangoni. Mzee akavua koti. Akapiga tena, safari hii likapasuka vizuri, akachomoa nyama nyeupe ndefu kama kidole, akaitia mdomoni. Akatafuna. Wote wakamngoja.

"Lete lingine," alisema, na mkono wake ukabaki umeshika nyundo.

Basi meza ikachangamka. Luseno akamfundisha mzee kupiga kwa ubavu wa nyundo, mzee akamfundisha Luseno kunyonya miguu midogo, supu ikawachuruzika mpaka viwikoni. Nabwire alivuta kiti, akaketi kati ya Khavere na Mama Mativo. Alichukua kaa wake mwenyewe, akala bila haraka. Mama Mativo alipomwambia, "Mama, una mikono ya kupika," Nabwire aliinama akajifanya anatafuta ndimu.

Mativo naye alikuwa kazini. Rafiki yake wa kiwandani alikuwa amemwonya kwamba mama mkwe huangalia sahani. Kwa kuwa hapakuwa na sahani, aliyapanga maganda ya kamba mbele yake kama ushahidi, na kila rundo lilipokua Nabwire alimsogezea wengine. Mativo alikuwa hajawahi kuonja kamba maishani mwake.

"Sasa," alisema Mzee Kyengo, akijipangusa, "kijana asimame aseme kilichotuleta."

Mativo akasimama. Akajikuna shingo.

"Wafendwa wafafa na waama," alianza.

"Sema vizuri, wewe!" baba yake alimkaripia. "Aibu ya nini?"

"Nafenda... ninafenda Vivian..."

Vivian akainua macho. "Mativo! Uso wako!"

Midomo ilikuwa imevimba kama maandazi mawili. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki ufa tu, na shingo nzima imejaa vipele vyekundu. Mama yake akapiga ukunga. Nje alikuwa anapita Okumu, muuza maji, na mkokoteni wake. Kabla hajauliza kuna nini, mitungi yake ilikuwa imeshushwa na Mativo amelazwa juu. Luseno akashika mpini mmoja, Mzee Kyengo mwingine, wakasukuma mbio kuelekea dispensari iliyo karibu na Jogoo Road, wanawake nyuma yao, Nabwire bila viatu, Okumu wa mwisho akipiga kelele, "Polepole na gurudumu hilo!"

Muuguzi alikuwa mwanamke mtulivu mwenye miwani. Alimwangalia Mativo, akamsikiliza kifua, akachukua kalamu.

"Jina?"

"Mativo Kyengo," alisema baba yake, akihema.

"Kabila?"

"Kamba."

"Amekula nini?"

Nabwire akajibu, "Kamba."

Muuguzi akaweka kalamu chini, akawatazama mmoja mmoja. "Nitamdunga sindano," alisema mwishowe. "Uvimbe utashuka, kifua chake ni kizuri. Lakini asiguse tena hao wadudu maisha yake yote. Nani mama yake akae naye?"

"Mimi," wakajibu Nabwire na Mama Mativo kwa pamoja.

Muuguzi akawaingiza wote wawili. Nabwire alilia pale kando ya kitanda, akiomba msamaha, akisema amewaharibia mtoto kwa majivuno yake. Mama Mativo alimpapasa mgongo.

"Nyamaza, hajafa. Mimi mwenyewe nimekula kumi na tano, na ningekula zaidi."

Nje, kwenye benchi la wagonjwa, wazee wawili waliketi bega kwa bega, mikono bado inanuka saumu. Vivian alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya Mativo mkononi. Mzee Kyengo akainuka, akanyoosha shati.

"Mzee Luseno. Kijana hawezi kusema, wacha niseme mimi. Tumekuja kuomba binti yenu."

"Hapa?" Luseno aligeuka akatazama foleni ya watu wenye homa na vikohozi, wote wamenyamaza kusikiliza.

"Tumesukuma mkokoteni mmoja. Unataka tujuane vipi zaidi?"

Luseno alitafakari, akaona hoja ni nzito. "Vivian," aliita, "umesikia. Unasemaje?"

"Nimekubali, baba."

Mama mmoja aliyepakata mtoto mwenye surua akapiga vigelegele, na benchi zima likamfuata. Muuguzi akatoka mbio kuwaambia hii ni dispensari, si ukumbi. Alipoelezwa, alitikisa kichwa, akarudi ndani. Kupitia pazia wakaisikia sauti nzito ya Mativo:

"Amekufali?"

"Amekubali," muuguzi alimwambia. "Usiongee. Lala."