Kisu cha Kubebeshea

Kisu chenyewe hakikuzidi urefu wa kidole cha shahada. Winifrida alikitoa Muheza miaka kumi na tisa iliyopita, kimeviringishwa ndani ya kanga mbili, akakileta ng'ambo mpaka Barking. Kilikuwa cha baba yake, fundi wa kubebesha michungwa, yaani kupachika tawi la mti mmoja juu ya shina la mwingine, mzee aliyekuwa na sheria moja kali nyumbani kwake: kisu cha kubebeshea hakikati kitu kingine, hata kitunguu. Ukikigusa kwa ajili ya kumenya muhogo, ulikuwa unatafuta kofi. Basi kwa miaka kumi na tisa kilikaa bila kukata chochote, mpaka Jumapili ile baada ya misa, Winifrida alipokinoa kwenye kitako cha kikombe, akakipangusa kwa spiriti na kufungua kabati la chumba kidogo.

Ndani ya kabati, chini ya taa, ilisimama mibangi miwili kwenye ndoo. Usishtuke. Au shtuka tu, maana Winifrida mwenyewe alishtuka kila siku. Alifanya kazi ya kea, kutunza wazee majumbani mwao, mwenye kitambulisho shingoni na cheti cha polisi kinachosema hana doa, na sheria ya nchi ile haina utani na majani hayo. Lakini mumewe Jotham, aliyeendesha basi miaka kumi na miwili, alishikwa na ugonjwa wa neva. Misuli ilimkaza, na miguu ikarusha mateke bila kumwomba ruhusa. Dawa za hospitali zilimlewesha tu. Kilichomtuliza ni kijiko cha mafuta ya nazi yaliyochemshwa na majani ya mche mmoja, aliopewa na Ian, dereva mwenzake, kabla Ian hajarudi Kenya moja kwa moja.

Mche huo wa Ian ulikuwa mpole, na ulikuwa unakufa. Winifrida, kwa kuogopa usife kwa kiu, aliufisha kwa maji. Mizizi ilioza, likabaki tawi moja tu lenye uhai. Mche wa pili uliota kwa mbegu, una nguvu za punda, lakini siku Jotham alipoonja majani yake moyo ulimwenda mbio, akasema kuna mtu amesimama nyuma ya pazia.

"Nitabebesha," alisema Winifrida. "Kikonyo cha huyu mpole juu ya shina la yule mkorofi."

Jotham alikuwa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, simu mkononi. "Mama Lorraine, humu wanasema grafting ni kujitafutia kazi bure. Mbangi si mchungwa. Unakata tawi, unalitia kwenye maji, linatoa mizizi lenyewe. Finished."

"Wanasema akina nani?"

"Watu wa kwenye forum. Wanaopanda nyumbani kama sisi."

"Hao walizaliwa shamba gani? Mizizi ya huyu si ndiyo iliyooza? Nipande tena mizizi ile ile goigoi? Chini nguvu, juu utamu. Ndivyo kazi inavyokwenda."

"Na ukorofi wa chini ukipanda juu?"

"Baba Lorraine! Chungwa la Muheza linakaa juu ya mlimau miaka yote. Ulishawahi kulila ukasema ni limau?"

Jotham alirudisha macho kwenye simu. Mizizi haikuwa goigoi, ilizamishwa, na wote wawili walijua nani alishika kopo la maji. Ila mume mwenye akili hasemi yote anayoyajua.

Winifrida alikata lile tawi moja lenye uhai. Mkono ulikumbuka kabla kichwa hakijakumbuka: mshazari mmoja, kabari, pasuo, pachika. Alifunga kiungo kwa utepe aliouchana kwenye mfuko wa mkate, akakivika kikonyo kifuko cha nailoni. Kitawi kimoja cha pembeni, cha urefu wa kidole, alikipunguza ili kikonyo kisielemewe, kikaanguka sakafuni. "Hicho utupe," alimwambia mumewe, akaenda kunawa.

Siku zilizofuata hakukalika. Akiwa kazini, akimlisha bibi wa watu uji, aliona kiungo kikikauka. Alirudi nyumbani mbio, akafungua kabati kabla ya kuvua koti. Pazia la chumba cha kulala, ambalo hakulifungua tangu mibangi iingie nyumbani, alilivuta zaidi. Siku ya kumi na moja kikonyo kilichomoza jani jipya, la kijani kibichi, na Winifrida alipiga kigelegele kwa kunong'ona. Laiti mzee angekuwepo! Alilia kidogo, akacheka, akampigia simu mtoto wao Lorraine huko Bristol, kisha akakumbuka kwamba hilo si jambo la kusimuliwa kwenye simu, akamuuliza habari za baridi.

Wiki haikuisha, barua ya mwenye nyumba ikaja. Fundi angefika Alhamisi asubuhi kukagua boila na ving'ora vya moshi, na wapangaji waache vyumba vyote wazi.

"Mwambie kile chumba ni stoo," alisema Jotham.

"Na harufu nayo niiambie ni stoo?"

Alikaanga samaki siku tatu mfululizo. Alifukiza udi mpaka jirani yao Ann akagonga kuuliza kama kuna sherehe. Auhamishie wapi? Kwenye lifti na ndoo ya bangi, kitambulisho kikining'inia shingoni? Wakimnyang'anya cheti, nani atawalisha? Na mche ukifa, nani ataishika miguu ile? Aliyazungusha hayo mawili mpaka kichwa kikamuuma. Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, woga ulimshinda. Aling'oa mche kwa mikono yake, kiungo na jani jipya na yote, pamoja na kisiki kikavu cha ule wa Ian, akakatakata, akaenda kutupa kwenye pipa la mtaa mwingine. Aliporudi, Jotham alikuwa anatazama ukuta.

Fundi alikuwa kijana mchangamfu, Sanjay kwa jina. Alikagua boila jikoni, akabonyeza king'ora cha koridoni, kikalia, akaandika.

"Na vyumba?" aliuliza Winifrida.

"No need, auntie. You're all good."

Dakika kumi na mbili, akaondoka bila kufungua chumba hata kimoja. Winifrida alibaki koridoni na karatasi yake, kisha akaketi chini pale pale, akalia kama aliyefiwa. Chumbani miguu ya Jotham ilianza kugonga kitanda. Mafuta yalibaki vijiko viwili.

"Mama Lorraine," aliita Jotham. "Njoo ufungue pazia."

"Sifungui."

"Fungua."

Alifungua. Dirishani palikuwa na chupa ya jemu yenye maji, na ndani yake kitawi cha urefu wa kidole, kimesimama wima, majani yanang'aa. Chini kilikuwa kimetoa mizizi mieupe kama tambi. Wiki tatu kilikaa pale kikitazama kituo cha basi, Barking nzima ikipita.

"Hukuniambia!"

"Ningekuambia, ungekibebesha."

Hasira ilimpanda, ikakutana na kicheko njiani, vyote vikageuka machozi. "Ndicho kitu pekee cha baba nilichojua kukifanya," alisema. "Na hakikuwa na kazi."

"Kiungo kilishika," alisema Jotham. "Nilikiona. Kilishika barabara."

Winifrida aliichukua chupa, akaihamishia kwenye kabati, chini ya taa. Aliporudi alikuwa na chungwa la sokoni na kisu cha baba yake. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akalimenya kama wanavyomenya kwao, ganda moja refu bila kukatika, akalikata kati na kumpa mumewe nusu. Lilikuwa chungwa la Uhispania, chachu mpaka taya zinauma. Jotham alilinyonya lote, miguu ikimrushia mateke, na hakusema ni limau.