Mkurugenzi wa Karakana

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Kimya.

Mlio wa tezo ya baba ya kuchongea vinyago nausikiaga tangu kona ya msikiti, kabla sijaliona paa letu. Mapigo matatu, halafu anapuliza vumbi. Kwa mlio huo nilijifunza kuhesabu mizani ya mashairi, maana mwalimu wa ushairi sikuwahi kuwa naye. Jumatano ile niliusikia nikiwa nimesimama barabarani, huku kwetu Chanika, simu mkononi, na kwa mara ya kwanza nilitamani unyamaze.

Barua pepe ilikuwa fupi. Nafasi yangu ya mafunzo ya likizo ndefu kule Kigali, wiki sita za kompyuta na lugha za Kiafrika, ilikuwa palepale. Lakini ombi langu la ufadhili lilikataliwa. "Kwa mujibu wa maelezo yako, familia yako ina uwezo wa kulipia nauli, malazi na chakula. Kama hali ni tofauti, leta uthibitisho wa serikali ya mtaa kabla ya Ijumaa, saa kumi jioni."

Maelezo yangu! Kwenye fomu, penye swali la kazi ya mzazi, niliandika: "Mkurugenzi wa karakana ya sanaa, mwenye wateja wa kimataifa." Nilijiambia sijadanganya. Karakana ipo: nguzo nne, mabati sita na gogo la kukalia. Mteja wa kimataifa naye yupo: mwaka juzi Mjerumani alinunua vinyago viwili akapiga picha na baba. Kuandika kwamba baba yangu anachonga uani, na kwamba kuna miezi hauzi hata kinyago kimoja, mkono ulikataa. Mie, Albano, mtoto wa Kimakonde, nianze kulia njaa mbele ya watu nisiowajua?

Sasa nilihitaji barua ya mtendaji wa mtaa. Na mtendaji haandiki kitu mpaka uende na utambulisho wa mjumbe wa shina lako, zile nyumba kumi za jirani. Mjumbe wetu ni Bi Hamida. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu miezi miwili nyuma, mfereji wa mtaa ulipoziba, nilitupia beti kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na watu wakacheka siku tatu.

Nilimkuta barazani kwake, ungo mapajani, akichambua mchele.

"Shikamoo, Bi Hamida."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Nani huyo?"

"Albano. Wa mzee Fransis."

"Aaa, malenga!" Akaweka ungo chini taratibu. "Karibu, malenga. Umeleta shairi jipya, au nikusomee la zamani?"

Nikamweleza shida yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwanza lile beti. Mie nilisomewa tu, macho yangu na simu haviivi. Nataka nilisikie kwa mwenyewe. Simama."

"Bi Hamida, tafadhali..."

"Simama, mwanangu. Si ulikuwa mwanaume kwenye simu?"

Nikasimama. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akaacha kuanika. Nikasema, macho yakiwa chini:

"Mjumbe wetu wa shina, kazi yake ni mihuri,
Mfereji ukinuka, yeye apaka uturi."

Alicheka. Wallahi, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari la kaunta, akanifungulia ukurasa. Ulikuwa na tarehe nne tofauti, na mbele ya kila tarehe: "Nimekwenda kwa mtendaji, ishu ya mfereji." Mara ya nne, daftari lilisema, alikwenda kwa miguu, mvua ikinyesha, na goti lake bovu.

"Hili hukuliuliza," akasema. "Ungeuliza, ungepata mstari wa tatu."

Nikamrudishia daftari kwa mikono miwili.

"Basi utanisainia?" nikauliza mwishowe.

"Sisaini nisichokiona. Kesho asubuhi nakuja kwenu."

"Lakini Bi Hamida, unapajua kwetu tangu sijazaliwa!"

"Napajua kama jirani. Kesho nakuja kama mjumbe. Na baba yako awepo."

Hilo ndilo nililokuwa nalikimbia. Afadhali kuumbuka mbele ya mtaa mzima kuliko baba ajue nilivyomwandika.

Asubuhi alikuja, mtandio kichwani, daftari kwapani. Baba akaacha tezo, akafuta gogo kwa kiganja ili mgeni akae. Bi Hamida akataka kuijua ile fomu. Nikaitafuta kwenye simu, nikaisoma kwa sauti, na nilipofika kwenye "mkurugenzi" nilisoma haraka haraka kama dawa chungu.

"Rudia hapo," baba akasema.

"Mkurugenzi wa karakana ya sanaa."

Akageuka huku na huku, kama mtu anayetafuta ofisi yake. "Mkurugenzi? Mie? Mbona sijawahi kupewa kiti?"

Bi Hamida akacheka. Baba naye alicheka kidogo. Akachukua kipande cha mpingo miguuni pake, sura ya mwanamke nusu imekwisha, akanionyesha ufa mwembamba uliopita shingoni.

"Unaona huu? Wenzangu wanaziba kwa nta, wanapaka dawa ya viatu, mteja anaondoka anafurahi. Mie huwa namwambia: una ufa, hapa. Wengine wanaondoka. Anayenunua anakijua alichonunua." Akaniangalia. "Umenipaka dawa ya viatu, mwanangu."

Hakupandisha sauti. Ningeomba apandishe. Machozi yalinijia nikayazuia kwa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

"Nisamehe, baba. Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Mikono hii imekusomesha mpaka chuo kikuu." Kisha akamgeukia Bi Hamida. "Mama, andika ulichokiona. Mabati sita, na mawili yanavuja. Usisahau yanayovuja."

Bi Hamida akaandika, ulimi nje kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliuliza mwezi uliopita baba ameuza vingapi. Kimoja. Na wa kabla yake? Hakuna. Kila jibu liliingia kwenye karatasi, na baba alijibu kichwa kikiwa juu. Nilimtazama nikaelewa kwamba mwenye majivuno nyumbani kwetu alikuwa mie peke yangu. Baba alikuwa na kitu kingine, kizito kuliko majivuno.

Ijumaa asubuhi Bi Hamida alinisindikiza mwenyewe kwa mtendaji, na goti lake lile, kwa sababu, alisema, barua ikienda na mtoto inakaa kwenye trei. Tulikaa foleni hadi mchana, muhuri ukagongwa saa tisa kasoro. Nilikimbia hadi steshenari ya Baqir kuiskani, nikakuta umeme umekatika. Baqir alitazama jasho langu, akatazama saa, akaenda nyuma kuvuta kamba ya jenereta. Kwa karatasi moja! Nilipotoa hela akasema, "Weka. Utanilipa ukirudi na picha za huko." Barua iliondoka saa kumi kasoro dakika kumi na moja.

Karibu wiki ikapita. Alhamisi iliyofuata jibu likaingia: nauli, malazi, chakula, vyote. Chini yake mtu alikuwa ameongeza sentensi moja: "Mwambie mjumbe wenu tumeisoma barua yake yote."

Baba aliiweka tezo chini. Akanishika kichwa kwa mikono miwili yenye vumbi jeusi. Kisha akasema, "Nenda kamwambie. Nitakuja nyuma yako."

Nilimsomea Bi Hamida ile sentensi ya mwisho mara tatu, maana alitaka mara tatu. Akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio.

"Mwaka huu vijana watatu wamenijia siku ya mwisho, fomu zimeharibika," akasema. "Wote wamekosa. Huwa nasema, laiti kungekuwa na mtu wa kuwakalisha mapema. Haya, nenda mwanangu, Mungu akutangulie. Utatusahau tu."

Baba alikuwa ameshafika, amesimama kwenye ngazi ya baraza. Nikainuka, kama nilivyoinuka siku ile ya beti, ila safari hii sikuambiwa, na macho sikuyainamisha.

"Bi Hamida, nasema mbele ya baba yangu. Nikirudi, kila Jumamosi utanikuta kwenye benchi lako hili. Mtoto yeyote wa shina hili mwenye fomu, nitakaa naye bure mpaka iishe, na nitahakikisha ameandika mabati yanayovuja. Na kabla ya hapo, kesho asubuhi, nakuja na jembe. Mfereji ule, mpaka leo umeziba, tunauzibua mie na wewe. Wewe utakaa kwenye kiti, mie nitachimba."